Mate ya Hawachoki

Mbwa wangu alishikwa na kichaa, na kabla hajafa alimlamba mtoto wa jirani kwenye kidonda. Mimi nilijua mbwa alikuwa na kichaa siku ileile alipokufa. Mama wa mtoto alijua siku ya ishirini. Nimejaribu kulianza jambo hili kwa namna nyingine nikashindwa, kwa hiyo naliweka hivyo lilivyo.

Naitwa Pantaleo. Nilikuwa na banda la video kwenye rashi moja upande wa Ushirombo. Dhahabu ilitoka pale ghafla, porini kabisa, na baada ya miezi miwili pakawa na watu elfu kadhaa, mama ntilie, kanisa la turubai, msikiti wa mabati na banda langu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Picha inakwenda ukutani, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na kipaza sauti, nawaambia watu kwa Kiswahili wanachosema wazungu.

Ukweli ni kwamba sikuwa najua wanachosema. Shule niliacha darasa la tano. Nilikuwa naangalia midomo na mikono, naona huyu kakasirika, huyu anabembeleza, nasema linalofaa. Wachimbaji hawakulipa kiingilio ili wajue ukweli. Nikimfanya jenerali wa kizungu aongee kama mzee wa Kisukuma anayedai ng'ombe wake, banda zima lilikuwa linapiga miguu chini. Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kunilalamikia tafsiri.

Wa kunilalamikia alikuwa mmoja tu, na si kwa tafsiri. Mama Dorah, jina lake Mariana, alikuwa akikaanga maandazi nyumba ya pili, uzio wa mabua katikati. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akasema banda langu linawatorosha watoto shuleni na spika zangu zinamuumiza kichwa. Nikaitwa, nikapigwa faini. Wiki hiyohiyo nikaletewa mbwa mdogo, mwekundu, mguu mmoja mweupe. Nikampa jina Hawachoki. Kwetu mbwa ndiye anayebeba maneno ambayo mtu hawezi kumwambia jirani usoni. Kila asubuhi nilisimama karibu na uzio nikaita, "Hawachoki! Hawachoki, njoo ule!" Mama Dorah akanielewa vizuri sana. Akatafuta paka, akampa jina Tumemzoea. Basi tukaishi hivyo miaka mitatu, mbwa na paka wakitusaidia kutukanana.

Binti yangu Wema yeye hakujua jina limetoka wapi. Kwake lilikuwa jina zuri tu. Mbwa alikuwa anamsindikiza shule, anarudi peke yake, na saa ya kutoka anakwenda kumngoja kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa, kwa sababu hapo ndipo njia mbili zinakutana. Hakuna aliyemfundisha. Nami nilikuwa nampenda, nisiseme uongo. Alikuwa analala kizingitini mwa banda, na tangu aje sikuwahi kuibiwa hata waya.

Nilikuwa nimemwambia Wema nikimkuta na Dorah nitamchapa. Walikuwa na umri mmoja, miaka tisa. Walikuwa wanacheza kwa siri nyuma ya karasha, na mbwa wakiwa naye.

Mwezi wa tano nilinunua kwenye stendi ya Kahama flashi yenye katuni nne. Moja ilikuwa ya mbwa. Mtoto wa kizungu anaokota kitoto cha mbwa kwenye boksi, mvua inanyesha. Wanakua pamoja. Mtoto anafikia kuota ndevu, anaondoka na begi, na mbwa anabaki anazeeka barazani. Mwisho kijana anarudi, mbwa anainua kichwa, anatikisa mkia mara moja, basi. Picha inabaki na baraza na jua.

Nilikuwa nimeiandaa kwa watoto, Jumamosi mchana, lakini siku hiyo maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, yalikuwa yamejaa maji na wachimbaji wakaja pia. Mbwa alipoinua kichwa mara ya mwisho, mtu mmoja nyuma akasema, "Pantaleo, huyo mbwa akifa unanirudishia kiingilio changu." Hakuna aliyecheka. Nami nikakishusha kipaza sauti magotini. Marwa, mtu wa Tarime ambaye peke yake alikuwa anabeba viroba viwili vya mawe, alijifuta macho kwa kofia.

"Vumbi la karasha," akasema.

"Karasha limezimwa tangu asubuhi, kaka," aliyekaa naye akamwambia.

"Basi vumbi la jana."

Hapo wakacheka. Wakataka irudiwe. Ile katuni niliionyesha Jumamosi nne mfululizo, na watoto wakaishika kwa moyo, maneno yangu yote.

Kuna mahali katikati mtoto anaanguka na baiskeli, goti linachubuka, mbwa anakuja analamba. Mimi nikamfanya mbwa aseme, "Usilie mwanangu. Mate yangu dawa. Nikilamba mara tatu, kidonda kwisha!" Kisha mama wa mtoto anatoka mbio, anaongea kwa mikono, anamvuta mtoto hadi kwenye bomba. Nikasema kwa sauti nyembamba, "Njoo unawe wewe, ugali umeiva!" Watoto walianguka chini kwa kicheko. Jumamosi ya pili walikuwa wanasema wenyewe kabla yangu, banda zima, "Mate yangu dawa! Mara tatu, kidonda kwisha!"

Mwezi huohuo bwana mifugo alipita na pikipiki akitangaza chanjo ya mbwa, bure, uwanja wa shule, Jumamosi. Nilikuwa na maonyesho mawili. Sikumpeleka.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Hawachoki akabadilika. Aliacha kula. Alijificha chini ya meza ya jenereta, mahali penye kelele ambapo zamani hakupapenda. Sauti yake ikawa kama ya mbwa mwingine aliye mbali. Nikasema amekula panya mwenye sumu, atapona. Siku ya tatu akatoka na mate yanamning'inia, akala udongo, kisha akamrukia mbuzi wa mama mmoja pale karibu na karasha. Marwa alikuwa anapita na mtaimbo. Alimpiga mara moja.

Nilikimbia nikamshika shati. "Umeniulia mbwa wangu!"

"Niache," Marwa akasema. Hakuwa na hasira. "Huyu alikuwa na kichaa, Pantaleo. Kwetu nilimzika mdogo wangu kwa mbwa wa namna hii. Mbwa wako huyuhuyu wiki jana alinilaza njaa, nilimpa andazi langu lote. Unadhani nimependa?"

Tulimzika pale nyuma, kwenye kifusi. Nilimwomba Marwa tuseme amegongwa na fuso. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Mama Dorah akisikia mbwa wangu alikuwa na kichaa, sitaishi hapa. Tangu siku ya kwanza anasema mbwa huyu ataleta balaa." Marwa alinitazama, akasema hayo ni yangu. Kesho yake alihamia rashi nyingine, upande wa Geita. Nikabaki na fuso langu. Nilimwambia kila aliyeuliza.

Nyumbani Wema alikuwa amekaa chini analia. Mama yake, Generosa, alikuwa ameshindwa kumnyamazisha.

"Mngemwacha ajilambe," akasema. "Angepona. Si mimi alinilamba nikapona?"

"Alikulamba wapi?"

Akanyoosha mguu. Kwenye kisigino alikuwa amejikata na bati. "Mara tatu," akasema. "Kama kwenye katuni. Nilihesabu."

Sijui nilisema nini. Generosa ndiye aliyefanya. Aliuosha mguu kwa maji mengi na sabuni hadi mtoto akapiga kelele, na siku hiyohiyo tukapanda bodaboda, kisha basi, hadi hospitali ya mjini, kwa sababu chanjo hiyo kwenye zahanati yetu haikuwepo. Wema akachomwa ya kwanza. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, aliandika tarehe tano kwenye kadi: leo, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane.

"Usiruke hata moja, baba," akaniambia. "Ugonjwa huu ukishaanza hauna dawa. Unasikia? Hauna. Nani mwingine aliguswa na huyo mbwa?"

"Hakuna," nikasema.

Wema alikuwa anatazama sakafu. Niliona anatazama sakafu. Nilidhani ni maumivu ya sindano.

"Rudi uwaambie majirani wote, nyumba kwa nyumba."

"Nitawaambia."

Nilirudi nikafungua banda. Sikumwambia mtu. Generosa nilimwambia nimeshazunguka nyumba zote. Niliuza mbuzi mmoja kwa nauli, na siku zilipofika nikampeleka Wema, ya pili, ya tatu. Shule zikafungwa. Mara ya nne, siku ya kumi na nne, tulikuwa kwenye basi tunarudi, Wema kaegemeza kichwa dirishani. Akauliza bila kugeuka:

"Baba, Dorah naye sindano zake anachomewa wapi?"

"Dorah ana nini?"

"Hawachoki alimlamba hapa." Akagusa kidevu. "Alianguka na ndoo akachubuka, tukamwita Hawachoki. Jino likamgusa kidogo. Hakulia."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Ulisema ukinikuta na Dorah utanichapa."

Tulikuwa bado na saa nzima ya njia. Nilihesabu vituo vyote.

Tuliposhuka nilimtuma Wema nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Dorah. Alikuwa kwenye karai lake, wateja sita au saba kwenye benchi.

"Habari za jioni, Mama Dorah."

"Zilikuwa nzuri mpaka sasa hivi."

Benchi likacheka.

"Nina neno kuhusu mbwa."

"Mbwa si amegongwa na fuso? Umetangaza mwenyewe. Au umekuja kubweka kwa niaba yake?"

Wakacheka zaidi. Nikauliza, "Dorah yuko wapi?"

"Usimtaje mwanangu. Lini umejua jina lake? Miaka mitatu unasimama pale unanitukana kwa mdomo wa mbwa, leo unaulizia watoto? Yuko kwa bibi yake Isaka, anapumzika kelele zako."

"Nisikilize, mama. Huyo mbwa alikuwa..."

Hakunipa nafasi. Aligeukia mlangoni akaita kwa sauti ya kuimba, taratibu, "Tumemzoea! We Tumemzoea! Njoo ule, baba!" Paka akatoka. Watu walicheka hadi mmoja akamwaga chai.

Niligeuka nikaondoka.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilikuwa nimelibeba kwenye basi, nikalifikisha kwenye karai lake, nikarudi nalo. Sikumwambia Generosa, kwa sababu nilijua angenirudisha palepale. Nilijiambia nitakwenda kesho asubuhi kabla ya wateja. Asubuhi nikajiambia kulambwa si kuumwa, na mwanangu mwenyewe alikuwa anachomwa kwa kulambwa. Nilijiambia mtoto yuko Isaka mzima, baba yake, Enock, anapakia mizigo bandari kavu pale, kungekuwa na tatizo wangepiga simu. Nikajiambia pia, hili ndilo la aibu kuliko yote, kwamba yeye ndiye aliyekataa kusikia. Nikakaa hivyo siku sita. Nilionyesha filamu za ngumi, na watu walisema nachekesha kuliko zamani.

Siku ya ishirini Generosa alikuwa anamwogesha Wema, mtoto akamwuliza tena habari za sindano za Dorah. Nilikuwa uani natengeneza waya. Nilisikia beseni linaanguka. Generosa alitoka pekupeku, mikono ina povu, akapita katikati ya uzio badala ya kuzunguka. Mabua yakalala chini.

Sikusikia alichosema. Nilisikia Mama Dorah.

Alipiga simu Isaka hapohapo, spika ya simu ikiwa wazi, sote tukasikia. Bibi yake Dorah, mama yake Enock, alisema mtoto ana homa tangu juzi, wamempa dawa ya malaria. Anajikuna kidevu usiku na mchana. Na ana ukorofi mpya, akasema bibi, ukimpa maji anarusha kikombe.

Generosa alikaa chini kwenye mavumbi.

Mama Dorah alipata lori la mchele linalokwenda Isaka. Hospitali walifanya kila walichoweza, wakamweka mtoto kwenye chumba chenye giza, tulivu, wakamwambia mama yake ukweli. Dorah alikufa siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi. Alizikwa hukohuko. Generosa alikwenda msibani, akakaa na wanawake wa nje kabisa, hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsemesha. Mimi sikwenda. Siku tano baadaye nilimpeleka Wema sindano ya tano. Daktari mwenye miwani alimpa pipi, akamwambia, "Umemaliza, shujaa." Wema aliishika pipi mkononi hadi nyumbani, hakuila. Ilimyeyukia.

Mama Dorah alirudi mara moja kuchukua vitu vyake. Nilikuwa bandani peke yangu, nafagia. Akasimama mlangoni, pale mbwa alipokuwa analala.

Nilipiga magoti. Akasema, "Simama, sikuja kwa hayo."

Nikasimama.

"Siku ile ulikuja kwangu," akasema. "Nilikucheka. Hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini wewe una spika mbili, Pantaleo. Zinasikika mpaka midomo ya maduara, ndizo nilizozishitaki. Ungerudi humu ukasema kwenye spika, Mariana mjinga, mwanao kalambwa na mbwa mwenye kichaa. Ungenitukana na mama yangu juu. Ningesikia. Rashi yote ingesikia. Siku ile Dorah alikuwa mzima. Alinipigia simu jioni ileile, anataka nimletee daftari la kuchorea."

Akatazama ukuta, pale picha zinapopita.

"Anachora mbwa," akasema. "Daftari la kwanza alilijaza lote mbwa."

Akaondoka. Paka alimwacha. Sasa yuko kwetu, Wema anampa maziwa, lakini hamwiti jina.

Baadaye nilimwomba mwalimu Gregory, anayefundisha Kiingereza shule ya msingi, aje bandani. Nilimwekea ile katuni, nikamwomba aniambie inasema nini. Tulikaa wawili, viti sitini vitupu nyuma yetu. Ilipofika mahali pa baiskeli nikasimamisha picha.

"Hapa mbwa anasema nini?"

"Hasemi kitu, Baba Wema. Katuni hii mbwa haongei."

"Haongei kabisa?"

"Hata mara moja. Analamba tu."

Nikaachia picha iende. Mama akatoka mbio, akaongea kwa mikono, akamvuta mtoto hadi kwenye bomba.

"Na huyu mama?"

Gregory alikuwa amejua yaliyotokea, kila mtu alikuwa amejua. "Anasema, usimwache akulambe kwenye kidonda. Anasema, twende ukaoshe na sabuni, halafu tumwone daktari."

Nikamwambia arudie. Nikairudisha picha nyuma, akasikiliza tena, akasema vilevile. Niliirudisha mara ya tatu, akanishika mkono, akazima mwenyewe.

Banda nimelifunga. Spika niliziuza kwa kanisa. Siku hizi nasomba maji kwenye karasha kwa mkokoteni, kazi isiyohitaji kusema.

Gharama yake ni hii. Mbwa mmoja wa miaka mitatu, mguu mmoja mweupe. Mbuzi mmoja wa nauli. Safari tano za mjini na sindano tano, na Wema yuko hai. Jumamosi moja ya chanjo ya bure. Siku kumi na nne nilizosema fuso, na siku sita nilizojua jina la mtoto nikanyamaza. Nyumba ya pili haina mtu, uzio umelala na hatujausimamisha. Wema haniambii tena kitu mpaka nimuulize mara mbili. Na Dorah, binti wa Mariana na Enock, darasa la tatu, miaka tisa na miezi minne.